Aliyezima Spika za Mbele

Kwa niaba ya familia tunawasalimu nyote, ndugu, majirani na mafundi wenzake mliofika kutushika mkono, na tunawaomba uvumilivu kidogo, kwa sababu maisha ya mpendwa wetu hayasomeki haraka haraka, na yana sehemu moja ambayo nyumbani kwetu kila ilipotajwa mtu aliinuka akaenda kutazama chai jikoni, lakini leo, kwa ombi la binti yake, tutaisoma kama ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1966, katika chumba cha uani nyuma ya gereji alimofanya kazi baba yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba alikuwa fundi wa mabasi, na tangu marehemu alipojua kuketi bila kuanguka, kiti chake kilikuwa debe lililopinduliwa karibu na mlango wa gereji, ambapo baba aliwasha injini na kumuuliza, "Haya mama, huyu anaumwa wapi?", naye anaonyesha kwa kidole, siku nyingine anapatia, siku nyingine anaonyesha tairi, na gereji nzima inaangua kicheko.

Januari 1973 alianza shule ya msingi, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, na huko ndiko alikopata jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kwenye cheti, maana alijaliwa masikio makubwa, na watoto wenzake hawakuwa na huruma, wakimwona anakuja wanapaza sauti, "Masikio, funga madirisha, upepo unaingia!" Wiki za mwanzo alirudi nyumbani analia, baadaye akajifunza kuwajibu, "Haya haya ndiyo yanayosikia mnavyonisengenya," na tangu hapo jina likamkaa, akalibeba bila kinyongo hadi uzeeni. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1979, akasoma sekondari kuanzia 1980 hadi 1983, kisha akaingia chuo cha ufundi, akasomea umeme na redio kuanzia 1984 hadi 1986, katika darasa lililoanza na wasichana wawili na kumaliza na mmoja, ambaye ni yeye.

Machi 1987 aliajiriwa na kampuni ndogo ya kukodisha vyombo vya muziki, na miaka ya mwanzo yote hakugusa kitu kingine isipokuwa nyaya, kuzitandaza asubuhi, kuzikunja jioni, kuzifuta tope, mpaka mwaka 1991 alipokalishwa kwenye meza ya sauti ya matamasha ya kiangazi, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa wale ambao hawakupata kumwona kazini, fundi wa sauti katika tamasha la uwanjani hakai jukwaani pamoja na wanamuziki, hukaa katikati ya watu, kwenye kibanda kilichoinuliwa, na kutoka mezani kwake hutawala spika kubwa za mbele zilizo pembeni mwa jukwaa, pamoja na spika za nyuma zinazofungwa kwenye minara mbali na jukwaa, ili walio mbali nao wapate haki yao. Marehemu alikuwa na desturi ya kuacha meza muziki ukijaribiwa, akatembea mpaka uzio wa mwisho kabisa, akasimama huko akisikiliza, na wenzake walipomtania kwamba anapoteza muda alisema, "Hata atakayesimama karibu na vyoo ameoga akaja."

Alikuwa na desturi nyingine pia, ambayo mafundi wengi huiacha wakishazoea kazi. Aliweka maikrofoni moja ukingoni mwa jukwaa, ikiwatazama watu badala ya kumtazama mwimbaji, na sauti yake haikwenda kwenye spika yoyote, ilikwenda kwenye hedifoni zake peke yake, akawa anasikia umati unavyopumua, unavyocheka na unavyoitikia. Mafundi wenzake walisema, "Masikio ameanza tena umbea wake," naye hakubisha.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na fundi umeme wa kampuni hiyo hiyo, msimamizi wa jenereta, mwanaume mpole ambaye alimposa kwa bahati mbaya, kwani siku moja alibonyeza redio ya upepo na kumwambia, "Tukimaliza kazi nina neno na wewe," akasahau kwamba redio ile inasikika kwa kila mfanyakazi uwanjani, na marehemu akamjibu mbele ya wote, "Liseme sasa, wamekaa wanasubiri." Akalisema. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa Aprili 1994 na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1998.

Sasa tunafika tarehe 13 Agosti 2011, siku ya Jumamosi, tamasha kubwa kuliko yote ya kiangazi kile. Binti alikuwa na miaka kumi na saba, naye aliruhusiwa kwenda na wenzake kwa sharti moja, asisogee mbele, na alipokuwa anafunga viatu mlangoni mama yake alilirudia sharti hilo, binti akacheka, akasema, "Mama, huko nyuma si ni kwa wazee na watu wenye themosi za chai," akatoka. Marehemu alijua kabisa atakwenda mbele, alimwambia mumewe hivyo njiani, na mumewe akasema, "Kwani wewe ungesimama wapi?"

Jua lilikuwa bado kali mwimbaji mkuu alipopanda jukwaani, na kwenye lango la nyuma kulikuwa na foleni ndefu ambayo walinzi, waliposikia wimbo wa kwanza umeanza, waliiachia yote kwa pamoja, watu wakaingia mbio, wote wakielekea upande mmoja. Kutoka kibandani hilo halikuonekana kuwa jambo la kutisha, lilionekana kuwa furaha, lakini kiitikio kilipofika marehemu alibana hedifoni masikioni kwa mikono miwili, kwa sababu mstari wa mwisho wa kiitikio kile ulikuwa na neno la kuvutwa, neno ambalo umati wote huliburuta, na walio mbele walikuwa wanalikata katikati. Akasubiri kiitikio cha pili, wakalikata tena, mapema zaidi, na hapo akaelewa kwamba hawakosi hamu ya kuimba, wanakosa pumzi, kwa kuwa mtu aliyebanwa kifua hawezi kuvuta neno refu.

Akabonyeza redio akamwambia msimamizi wa jukwaa, "Watu wa mbele hawaimbi," msimamizi akamjibu, "Dada, wanapiga kelele mpaka jukwaa linatetemeka," akasema, "Wanapiga kelele, hawaimbi, wanabanwa," akaambiwa, "Subiri wimbo uishe tutazame." Hakusubiri. Alifanya jambo ambalo mtu yeyote angelifanya, akashusha sauti ya uwanja mzima, akidhani muziki ukipungua watu watatulia, na hilo lilikuwa kosa, kosa ambalo alilitaja mwenyewe kwa kila fundi aliyemfundisha baadaye, kwa maana walio nyuma, walipoona hawasikii, walifanya kile ambacho sisi sote hufanya tusiposikia, walisogea mbele. Aliona vichwa vikisonga kama kitambaa kinachovutwa mezani, na katika hedifoni kelele za mbele zikageuka kuwa kitu kingine, ambacho hakupata kutusimulia.

Hapo ndipo akageuza kila kitu. Alizima kabisa spika za mbele, akazipandisha za nyuma kuliko alivyowahi kuzipandisha, ili wimbo uhame, uwe mtamu kule mwisho na uwe mkavu karibu na jukwaa, kisha akasema na mwimbaji kupitia kispika chake cha sikioni, "Kaka, usinyamaze, ukinyamaza watakimbia, endelea kuimba na uwaambie walio nyuma wageuke, wimbo uko kwao." Mwimbaji, ambaye jua lilikuwa machoni pake na hakuona lolote, alitii bila kuuliza, naye tunamheshimu kwa hilo mpaka leo.

Lakini spika zile za nyuma zilivuta umeme mwingi, na jenereta ilikuwa inachemka tangu mchana, mumewe ameifungua vifuniko vyote na kusimama nayo, mkono kwenye swichi, akiibembeleza kama mgonjwa. Sauti yake ikasikika redioni, "Mtoto yuko mbele, naenda kumtoa," marehemu akasema, "Usiache jenereta," akasema, "Mke wangu, ni mwanetu yule," akajibiwa, "Ikizima watakimbia wote, na watakimbilia juu yake. Kaa." Fundi umeme akakaza mkono kwenye swichi, akasema, "Nimekaa."

Marehemu hakujua, na hakuwa na njia ya kujua, kwamba binti yake wakati ule alikuwa amekandamizwa kwenye uzio wa mbele, uso kwa uso na mlinzi aliyekuwa anajaribu kumvuta, na redio ya mlinzi yule ilikuwa imening'inia kifuani pake, karibu kabisa na shavu la mtoto. Binti aliyasikia yote, sauti ya baba ikisema naenda, na sauti ya mama ikisema kaa.

Watu wa nyuma waligeuka. Si wote kwa mara moja, waligeuka wachache, kisha walio karibu nao, wakaanza kurudi kuufuata wimbo, nafasi ikapatikana katikati, na walinzi wakaanza kuwapitisha waliobanwa juu ya uzio, mmoja mmoja. Hakufa mtu. Waliumia wengi, na mmoja wao alikuwa binti, aliyevunjika mtulinga na mbavu mbili, na mama yake alipofika hospitali, akiwa bado na alama za hedifoni usoni, binti alimtazama akasema, "Nilikusikia," akageukia ukutani.

Alipopona na kumaliza shule alihamia kwa shangazi yake, akapata kazi ya kushona mapazia, akaolewa, akapata mtoto, na kwa miaka kumi na miwili alimsalimia mama yake kama mtu anavyomsalimia jirani wa mbali. Baba yake alijaribu kumwambia, "Nilaumu mimi, miguu ilikuwa yangu," naye akajibu, "Sauti ilikuwa ya Mama." Marehemu hakujitetea hata siku moja, wala hakuturuhusu sisi tumtetee, kila shangazi alipotaka kumkalisha binti kitako alikatazwa, na aliendelea na kazi kila kiangazi, na kila kiangazi alikataa kuanza mpaka amehesabiwa walinzi wa lango la nyuma, jambo lililowafanya waandaaji wengine wamchukie na wengine wasikubali fundi mwingine.

Aprili 2021 alianza kuugua figo, akavumilia kazini mwaka mmoja, kisha akashindwa kupanda ngazi za kibanda, na Septemba 2023 mumewe alipokuwa hawezi tena kumwinua peke yake, binti alikuja. Alikuja na begi na mtoto, akamwogesha mama yake, akambadilishia shuka, akampeleka kusafishwa damu na kumrudisha, akifanya kila kitu ipasavyo na bila maneno, na sisi tuliokuwa tunaingia na kutoka chumbani mle tulitembea kwa ncha za vidole kama walio karibu na chombo kinachotaka kuanguka.

Jioni moja ya Desemba, akiwa anamsuka, binti aliuliza kwa nyuma, ambako mama yake hakuweza kumwona uso, "Siku ile, uliposema kaa, ulijua kama niko hai?" Marehemu akasema, "Sikujua." "Hukunisikia kwenye ile maikrofoni yako?" "Nilikutafuta mle ndani nikakukosa, mwanangu, walikuwa wote wanalia kama wewe." Binti alisuka mstari mzima, kisha akasema, "Mimi ningekimbia," na mama yake akajibu, "Na mimi nilitaka kukimbia. Mpaka leo nataka." Binti alikiweka kitana chini. Mume wa marehemu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe, anasema kwamba mwanamke yule mzima alipanda kitandani na viatu vyake, akalala nyuma ya mama yake kama alivyolala akiwa mdogo, na kwamba nywele zilibaki nusu hadi asubuhi.

Walipata wiki chache za kuongea na kutaniana, na hatutadanganya kwamba zilitosha. Marehemu alifariki mchana wa Jumapili, tarehe 21 Januari 2024, mkono wake mmoja ukiwa kwa mumewe na mwingine kwa binti, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyekubali kuitwa "mwanangu" na kutumwa kama mwana kweli, tunawashukuru majirani mliotuletea maji na viti bila kuombwa, na mafundi wenzake mliosimamisha kazi leo. Na kwa kuwa tumeambiwa kwamba miongoni mwa waombolezaji wamo watu tusiowafahamu, waliofika kwa sababu tu walikuwa uwanjani siku ile, binti yake ametutuma neno moja kwenu, ninyi mliokuwa nyuma, ambao hamkumjua wala hamkumwona, mliosikia wimbo umehama mkaufuata: anasema ahsanteni kwa kugeuka.

Nenda kapumzike, Masikio wetu, kwa amani, mtoto yuko hapa nasi, anapumua vizuri.