Jina Lako Halitaonekana Popote

Umeme ulikatika Claudine akiwa ameshaiweka barua yake juu ya kioo cha mashine ya fotokopi, na mwenye stesheneri akamwambia achukue karatasi yake akasubiri nje, maana Kasulu umeme ukiondoka hauagi. Nje palikuwa na kijiwe cha kahawa cha Mama Kezia: mabenchi mawili, jiko la mkaa, birika lililopiga weusi, na wazee watatu ambao kila anayepanda kwenda chuoni anawajua kwa majina ya utani. Makarius, aliyewahi kuwa karani wa mahakama ya mwanzo, aliitwa Mahakama. Ndayisaba, aliyefagia maabara ya hospitali miaka kumi na mmoja, aliitwa Vipimo. Wa tatu alikuwa Cadet, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyefika kijiweni kila alipopata kibali cha kutoka. Yeye aliitwa Anketi, kwa sababu hilo ndilo neno lake la utafiti, na haijapita siku hajalitamka. Claudine aliwaamkia shikamooni, akakaa pembeni, akamtoa mtoto mgongoni ili amnyonyeshe, na kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikimtetemeka, barua ikaanguka.

Ikaokotwa na Mahakama, ambaye hajawahi kuokota karatasi asiisome kwa sauti.

"Ndugu mshiriki, umeteuliwa kuwa sehemu ya sampuli ya utafiti kuhusu uzoefu wa wanachuo na wakufunzi. Utahojiwa leo saa nane mchana. Jina lako halitaonekana popote. Unaweza kujitoa wakati wowote bila adhabu. Weka saini hapa chini, ulete nakala mbili."

Claudine alikuwa ameisoma tangu asubuhi, mara ishirini, na kila alipoisoma ilizidi kuwa mbaya. Yeye ni wa mwaka wa pili, chuo cha ualimu, mtoto ana miezi minane, na kwenye mlango wa kila darasa limebandikwa tangazo kwamba watoto hawaruhusiwi, na huyu Niyibizi wake amehudhuria vipindi vya Saikolojia ya Elimu kuliko wanachuo wengi wenye miguu yao. Madam Theodosia, mkufunzi wa somo hilo, ndiye humpokea mlangoni na kufundisha naye begani ili mama yake apate kuandika. Sasa imekuja barua. Nani amesema? Lazima yuko aliyesema. Wakimfukuza atarudi Kagerankanda kupalilia maharage na mama yake, sawa, jembe analijua, lakini madam je, madam watamfanya nini?

— Hapa pana neno uzoefu, alisema Mahakama. Binti, wewe una uzoefu wa miaka mingapi?

— Wa nini, baba?

— Wa chuo.

— Mwaka na nusu.

Mahakama alitikisa kichwa kama mtu anayesomewa hukumu ya ndugu yake. Akaeleza kwamba katika maisha yake amebandika matangazo ya kazi yasiyo na idadi, na yote yalitaka uzoefu usiopungua miaka mitatu. Kwa hiyo huyu binti aliingia chuo kabla hajakizoea, na sasa wamegundua.

Vipimo alimwambia anasoma barua kwa miwani ya mahakama. Neno linaloibeba barua ni sampuli. Sampuli anazijua, amezifuta sakafuni: damu, mkojo, makohozi. Chuo hakiwezi kuwapima wanachuo mia nne, kwa hiyo wanachota mmoja, wanamchunguza, na wakimkuta ana kasoro wanamwaga wote. Ndiyo maana jina halitaonekana, kwa sababu chupa haiandikwi jina, inaandikwa namba.

Claudine aliuliza, kwa sauti ndogo, kama hilo la jina linahusu na matokeo ya mtihani.

— Popote ni popote, alisema Mahakama. Matokeo, cheti, daftari la mahudhurio. Hata kwenye mlango wa bweni watafuta.

— Na hili la kujitoa?

— Hapo ndipo walipokuwa waungwana, sha, mwanangu, alisema Vipimo. Hawakufukuzi. Wanakuomba utoke mwenyewe, na adhabu wanakusamehe.

Mama Kezia alimsukumia Claudine kikombe na kumwambia anywe, maziwa yatakauka kwa hofu. Anketi akaanza kucheka polepole, kicheko cha mtu aliyehojiwa mara kumi na nne. Maana ndivyo ilivyokuwa. Kambini wamehojiwa kuhusu vyandarua, kuhusu kuni, kuhusu ndoto, na mara moja kuhusu wanavyojisikia wakihojiwa. Familia yake ina watoto wanne, lakini katika anketi ya lishe walikuwa tisa, na hata majirani waliwazoea wale watano wa ziada.

— Mimi nakwambia, mama Niyibizi, usiogope. Ba-anketi banapenda maji. Wakikuuliza chochote, sema maji. Swali la tatu, lia kidogo, si sana. Ukisema umefurahi hawarudi tena. Ukisema umeteseka unapewa ndoo.

— Sitaki ndoo, alisema Claudine. Nataka kumaliza chuo.

Hapo Mahakama akanyoosha kidole. Aliwataka wenzake wafikiri kisheria. Kama jina halitaonekana popote, basi hakuna atakayejua aliyehojiwa ni nani. Na kama hakuna atakayejua, kwa nini ahojiwe huyu anayetetemeka, wakati yupo mtu aliyekaa mahakamani miaka ishirini na sita na anajua kusema sikumbuki? Ataenda yeye. Ataenda awe Claudine. Vipimo alisema hilo haliwezekani bila mtoto, kwa sababu sampuli ni lazima iwe kamili, na kabla Claudine hajaelewa kinachotendeka, Mama Kezia alikuwa ameshamfunga Niyibizi mgongoni mwa Mahakama kwa kitenge, akimwambia mzee ainame zaidi, asisimame kama nguzo. Mtoto alishika masikio ya mzee, akatulia.

Anketi alichukua kijiko cha sukari kiwe kinasa sauti. Maswali ya kujiandaa yalikuwa nyuma ya barua.

— Wewe ni wa mwaka wa ngapi?

— Wa sitini na tatu.

— Unakutana na changamoto gani chuoni?

— Goti la kushoto.

Anketi alimkumbusha habari ya maji. Mahakama akaanza kusema ndiyo, na maji, kisha akajigusa kiunoni, na mgongo wa shati ukaonekana umeloa hadi chini. Vipimo alitangaza kwamba sampuli imepatikana, mwenye chupa aje. Mama Kezia alicheka mpaka akashika benchi. Claudine naye alitaka kucheka, lakini saa ya stesheneri ilikuwa inaelekea saa nane kasorobo.

— Tuendelee, alisema Anketi. Unapataje muda wa kujisomea?

— Naamka, alisema Mahakama, nakunywa kahawa taratibu, nachukua kitabu...

— Si hivyo, baba, alisema Claudine. Kahawa huwezi kunywa. Unaamka unawahi bomba kabla foleni haijawa ndefu, unamnyonyesha, unaloweka nepi, kitabu umekiegemeza kwenye ndoo, unasoma ukurasa huo huo mara tatu kwa sababu kila ukifika katikati analia, halafu unakimbia, darasani unakaa karibu na mlango, akilia unatoka, ukirudi ubao umeshafutwa, unamwomba mwenzako daftari anakwambia bado naandika. Na siku madam alipomchukua akamweka begani akaendelea kufundisha kama vile kashika chaki tu, mimi siku hiyo nilijaza kurasa nne. Nne, baba. Nikazililia, wino ukaenea, lakini zipo.

Anketi alikiweka kijiko chini, mbali na sukari.

Ndipo walipomwona madam Theodosia. Alikuwa amesimama mlangoni kwa stesheneri, mkoba begani, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Mkononi alishika karatasi ya aina ile ile, mstari wa saini chini, naye alikuwa amekuja kutoa nakala mbili. Claudine aliamka, akataka kuomba radhi, lakini hakujua aanzie wapi, kwenye kumtaja au kwenye mzee aliyembeba mtoto.

— Mwakeye, alisalimia madam, akasogea hadi kwenye benchi. Nanyi mnaisoma hii barua? Mimi nimeshindwa. Wanataka uzoefu wangu wa kufundisha mwaka huu. Uzoefu wangu mwaka huu ni mtoto wa Claudine. Sasa niambieni wazee wangu, niseme au nisiseme?

Anketi alisema polepole kwamba kambini, mara zote kumi na nne, hawakuwahi kumwona mwalimu akihojiwa, kwa hiyo hajui walimu husema nini.

Claudine alikuwa anaiangalia karatasi ya madam. Ilikuwa inatetemeka kwenye pembe. Ilitetemeka sawasawa na ya kwake, na katika mwaka na nusu hakuwahi kufikiri kwamba mkufunzi anaweza kuliogopa tangazo la mlangoni, kwani si wao waliolibandika?

— Mimi nitasema, madam, alisema. Nitaingia mimi kwanza. Nitasema zile kurasa nne, na nitasema nilizipataje, na wakiniuliza kwa nini nilivunja sheria nitawauliza ningemweka wapi. Wewe ukiingia watakuwa wameshasikia.

— Wakikasirika?

— Sijui, madam.

Akamfungua Niyibizi kutoka mgongoni mwa Mahakama, na kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili, akamnyanyua mbele ya madam. Madam alitazama huku na huku barabarani, watu wakipita, wanachuo wakipita, kisha akampokea akamweka begani. Claudine alipiga magoti, akaitandaza barua kwenye benchi, akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa mahali palipotaka saini tu, na wakaanza kupanda kilima bila nakala.

Nyuma yao Mama Kezia akaanza kukusanya vikombe, ingawa birika lilikuwa bado nusu, na hakuna aliyemwambia amimine.