Hata Doa Moja

“Kanuni za Udhibiti wa Ubani wa Kutafuna Uliokwisha Kutumika Kwenye Njia za Waenda kwa Miguu, Marekebisho ya Pili.” Tangazo hilo lilikuwa ukutani, juu ya benchi letu la kahawa; na aliyelibandika, kwa kukosa gundi, alitumia chingamu. Chini yake Bi Fagio, mfagiaji wa mtaa, alikuwa amepiga magoti akikwangua madoa kwa kisu cha jikoni. Ijumaa mkaguzi angepita. Akiona doa hata moja, kibarua cha mama wa watu kingeota nyasi. Sisi tulikuwa tunatafuna tu: muuza kahawa hakuwa na sarafu, akatulipa chenji kwa chingamu.

— Pole, dada, alisema Katibu, karani mstaafu. Leo umetoa mangapi?

— Mia mbili na kumi. Jana mia mbili na tisa. Yanazaana haya.

— Hayaozi hayo! alidakia Gundi, fundi viatu. Ni plastiki na mpira. Mimi nitakufa, nitaoza, nyasi ziote juu yangu, mbuzi azile, chingamu yangu bado ipo.

— Na mbuzi ataimeza, afe.

— Bora mbuzi. Mji huu hauna lami tena, Katibu, ni chingamu tupu. Dada akimaliza kukwangua, tunatumbukia wote.

— Wakubwa wanajua?

— Wanajua sana! Unadhani kwa nini hawakumpa mashine?

Bi Fagio hakucheka. Alihamishia kisu mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevimba.

— Nina watoto watatu, alisema bila kuinua kichwa. Na Ijumaa ni keshokutwa.

— Ondoa shaka, Katibu alimwambia. Hapa hatemi mtu. Sisi ni watu wa sheria.

Muuguzi mmoja aliyetoka zamu, mgeni kwenye benchi letu, alitutazama mataya, mmoja baada ya mwingine.

— Samahani, wazee wangu. Hizo mnazotafuna, mkimaliza mtaziweka wapi?

Katibu alilisoma tangazo upya, mstari kwa mstari. Gundi akakumbuka kiatu cha mteja. Pipa la taka liliondolewa zamani, kwa Marekebisho ya Kwanza.

Ijumaa mkaguzi aliikuta njia inang'aa. Akataka kuketi kwenye benchi letu aandike ripoti, akalishika kwa chini alivute kivulini, vidole vikanasa.

Bi Fagio alifukuzwa kazi saa nne asubuhi.