Sala ya Askofu Tuliyoicheka

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la jukwaani, Askofu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa mzee wa kanisa na mshona nguo.

Alisoma shule ya msingi hadi 1982. Akiwa darasa la tano alifunga sala ya asubuhi akiiga sauti ya mwalimu mkuu, hata kikohozi chake. Alichapwa, ila mwalimu mkuu mwenyewe alionekana ofisini akifuta machozi ya kicheko.

Mwaka 1987 mama yake aliugua. Marehemu aliomba siku tatu bila kula. Mama akafariki, naye hakuomba tena.

Akawa fundi cherehani, na kuanzia 1991 mchekeshaji wa kumbi na harusi. Watu walimwita hasa kwa ile sala yake ya kuigiza, iliyompa jina la Askofu. Alipiga magoti sakafuni kwa kishindo, sauti ikitetemeka: "Baba, kama upo nyumbani, washa basi taa!" Ukumbi mzima ulishika mbavu.

Alifunga ndoa tarehe 6 Juni 1998. Kila Jumapili alimsindikiza mkewe kanisani, kisha akabaki nje juu ya pikipiki, midomo ikifuata nyimbo zote. Akiambiwa aingie, alijibu, "Mama watoto, nikiinamisha kichwa tu, benchi zima litacheka." Alishajaribu mara moja, na walicheka kweli.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2023. Alilazwa tarehe 9 Januari 2024. Jumapili tarehe 28, saa ya kuona wagonjwa, sisi wa familia tukiwa tumekizunguka kitanda, alifumba macho akasema polepole, "Baba, kama upo..."

Tukacheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamwambia asiishie hapo. Marehemu akafumbua macho, akatuangalia mmoja mmoja, halafu akatumalizia ile ya jukwaani. Hakuwahi kumnyima mtu kicheko.

Kesho yake alimuuliza mdogo wake, "Jana mlidhani natania?"

"Kwani hukuwa unatania, kaka?"

Akageukia ukutani. Alifariki Jumatano tarehe 31, saa nne asubuhi.

Mchungaji ametuuliza kama alikufa akiamini. Hatujui. Alianza kusema mwenyewe, tukamcheka. Tunamwomba radhi hapa mbele yenu.

Ameacha mjane, watoto watatu, mdogo wake na dada wawili. Mungu ampumzishe kwa amani, na amsikilize mpaka mwisho.