Papa Évariste Kabulo na Sare ya Mwaka 1978

Ndugu na majirani mliofika, hii ndiyo njia aliyopita kaka yetu, Papa Évariste Kabulo.

Alizaliwa Ankoro tarehe 14 Machi 1929, mtoto wa pili wa Papa Floribert na Mama Élisabeth. Alisoma kwa mapadri mpaka darasa la tano. Walimu walisema ana akili. Kwamba ni mbishi, hilo tulilijua sisi.

Mwaka 1950 alishuka Kalemie, wakati ule Albertville, akaajiriwa kwenye atelie, karakana ya reli. Miaka thelathini na moja hakuchelewa hata siku moja.

Mwaka 1954 alimuoa Mama Lucie, wakazaa watoto sita. Mama Lucie alivumilia mengi, hasa eshek, ule mchezo wa wafalme na askari wa mbao.

Tarehe 13 Agosti 1978, mwezi wa Ramadhani, alicheza fainali ya klabu yao ya eshek na rafiki yake Papa Maliki, fundi cherehani wa mtaa wetu. Masaa matano! Kaka alikuwa na askari mmoja zaidi. Jua likikaribia kuzama, akaona Maliki, aliyefunga toka alfajiri, anatazama jua kuliko ubao. Akasema, "Tufanye sare, Maliki, uende ukafuturu." Wakapeana mikono.

Ingeishia pale! Kesho yake akaanza: "Nilikuwa ninashinda." Maliki naye: "Kushinda wapi, Papa Kabulo? Nilikuwa ninakuvuta kwenye mtego." Miaka minane! Ubao ulikaa juu ya meza ya chakula, askari na wafalme pale pale walipoachwa, watoto wakala ugali chini kwenye mkeka. Kila Noeli Mama Lucie aliomba meza yake. Jibu lilikuwa moja: "Ngoja kwanza Maliki akubali."

Mwezi wa tisa mwaka huu, 1986, tension, presha ya damu, ikamlaza. Jumatano tarehe 5 Novemba Papa Maliki alifika hospitali, akamwinamia: "Kabulo, ulikuwa unanishinda."

Tukasema, Mungu asifiwe, imekwisha. Wapi! Kaka akakasirika: "Unasema vile kwa sababu ninakufa."

"Na wewe ulinipa sare kwa sababu nilikuwa na njaa."

Kaka akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Basi," akasema, "sare." Alifariki kesho yake, saa tatu ya asubuhi.

Anaacha mjane, Mama Lucie, watoto sita, wajukuu tisa, mimi dada yake Émérence ninayewasomea haya, na Papa Maliki, ambaye tunamuomba, tukitoka makaburini, aje aondoe ule ubao kwa mkono wake. Sisi hakuna anayethubutu kuugusa, na watu wa matanga wanahitaji meza.

Kaka apumzike kwa amani. Hana zamu tena.