VPN ya Dobi

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya chumba cha dobi, na bawaba zake bado zinamchoma asiyezoea. Wenyewe wanaliita Bunge. Kila alasiri dobi huvuta meza yake ya pasi hadi dirishani, na nje wanakaa wawili wasiokosa: Kamanda, aliyelinda lango la ghala maisha yake yote na bado anamkagua kila mpita njia kana kwamba anatoka na mali ya watu, na Profesa, aliyekuwa akitoa fotokopi chuoni na kusoma kila karatasi iliyopita mikononi mwake. Birika la kahawa ni la Kamanda. Dobi haongei sana. Tangu mkewe afariki, na binti yao wa pekee aende kufanya kazi ng'ambo, hawa wawili ndio sauti anazozisikia kutwa. Hata wakibishana upuuzi mtupu, huwa anaogopa wasije wakaondoka.

Siku hiyo simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia nguo. Mara ikaanza kupayuka yenyewe: tangazo la buti za manyoya, kwa lugha ambayo Bunge halikuwahi kuisikia.

— Dobi, simu yako imepagawa? — akauliza Kamanda.

— Matangazo tu hayo.

— Ya wapi? Mimi yangu inanitangazia mabati na dawa ya mende. Wewe unauziwa buti za theluji na jua lote hili?

Profesa akavaa miwani, akachungulia dirishani.

— Unaona pale juu, kialama cha ufunguo? Huyu bwana ana VPN.

Kamanda akaweka kikombe chini. Kwa alivyojua yeye, VPN ni kitu cha matapeli na waume wenye siri.

— Hebu nieleze, inafanyaje kazi?

— Sikiliza. Ukifungua ukurasa kawaida, unatoka hapa uso wazi. Kampuni ya simu inaona unakokwenda, na unakokwenda wanaona ulikotoka. Ukiwasha VPN, unapitia kwanza kwenye kompyuta fulani iliyoko nchi nyingine. Tuiite nyumba ya kati. Mpaka unafika pale umejifunika gubigubi. Kampuni inaona umeingia nyumba ile, basi. Halafu unatokea mlango wa nyuma, na unakokwenda wanakupokea kama mtoto wa nyumba ile.

— Na mwenye nyumba? Si anakuona ukikatiza sebuleni kwake?

Profesa hakulipenda swali hilo.

— Anaona mlango unaokwenda kugonga. Ndiyo maana unatafuta mwenye nyumba wa kuaminika.

— Yaani umemkimbia mlinzi wa huku ukajisalimisha kwa mlinzi wa kule.

— Watu wana sababu zao, Kamanda. Wengine wako kwenye intaneti ya bure, hawataki kuchunguliwa. Wengine kuna vitu vimefungwa kwao. Wengine wanatafuta mpira usioonyeshwa kwao.

— Na wengine wana mwanamke. Dobi, ana jina huyo?

Dobi akapiga pasi kola ya shati iliyokwisha kunyooka.

— Mimi kinachonitatiza ni kodi, — Profesa akaendelea. — Kama kwa hesabu za kule Dobi yuko kule, kodi yake ni ya nani?

— Kodi halipi hata hapa. Niambie hili: akifa sasa hivi VPN ikiwa imewaka, ni marehemu wa wapi?

— Hapo sasa panahitaji mwanasheria.

— Mimi naona wako wawili, — Kamanda akasema, akijimiminia. — Dobi wetu huyu, na mwingine kule kwenye baridi, kavaa koti, anakunywa kahawa nzuri kuliko hii yangu.

Walicheka, na dobi akacheka nao kidogo. Yule dobi wa pili, yeye alimwonea wivu kweli. Angekuwa mtaa mmoja na mwanawe.

— Ni kamera, — dobi akasema.

Akawageuzia simu. Kulikuwa na uwanja wa mawe, mti mmoja usio na majani, na watu wadogo wadogo wakipita na makoti.

— Mji anaokaa binti yangu wameweka kamera uwanjani, unaitazama kwenye intaneti. Ila wanaowafungulia ni walioko nchini mwao tu. Fundi simu akanitilia hii, nikawa kama niko kule. Saa hizi kwao ni mchana, anatoka kazini kwenda kununua mkate. Nadhani nimeshamwona mara mbili. Ana ule mtandio wa njano wa mama yake. Niliupiga pasi mwenyewe siku anaondoka.

Kamanda akajikuna shingo. Yale maneno aliyosema kuhusu mwanamke yalikuwa yamemrudi.

Ndipo akaja muuguzi wa zahanati kuchukua sare zake. Akaamkia, akaelezwa, akaitazama simu.

— Anajua kwamba unamwangalia, baba?

— Hajui.

— Si umpigie, asimame akupungie mkono.

— Alisema amebanwa na kazi, atapiga mwenyewe.

— Lini alisema?

— Kabla ya mvua.

Mvua zilikuwa zimekwisha zamani. Dobi hakutaka kuwa baba msumbufu, ila zaidi ya hapo aliogopa simu iite tu. Leo, kwa kuwa walikuwapo watu, alipata moyo. Akapiga. Muuguzi akamrudishia picha ya uwanja kwenye kioo huku simu ikiendelea kuita. Bunge zima likainamia dirisha moja. Ikaita, ikaita, ikakatika.

— Atakuwa bado yuko kazini, — Kamanda akasema upesi. — Uwanjani hayupo, sote tumeona.

— Subiri, — akasema Profesa. — Picha hii inachelewa, inazunguka mbali ndiyo ifike. Tunachokiona kimeshapita.

Afadhali asingesema. Pembeni mwa uwanja akatokea mwanamke mwenye koti jeusi na kitu cha njano shingoni. Alipofika kwenye mti akasimama, akatoa simu mfukoni. Akaitazama. Aliitazama kwa muda mrefu, watu wakimpita huku na huku. Kisha akairudisha mfukoni, akavuta ile njano mpaka kidevuni, akavuka akatoka kwenye picha.

— Ndiye? — muuguzi akauliza.

Profesa alivua miwani akaanza kuifuta. Kamanda aliinua birika ajaze kikombe cha dobi, yakatoka matone na masimbi ya kahawa tu.

— Mitandio ya njano iko mingi, — akasema. — Na kamera yenyewe mbovu hiyo.

Dobi aliitikia kwa kichwa. Mwendo ule aliufundisha yeye, binti alipoanza kutembea, humu humu chumbani, kati ya kitanda na meza ya pasi, akirudi kinyumenyume na mikono ameinyoosha. Alimkunjia muuguzi sare zake, akamkabidhi. Kisha akaegemeza tena simu kwenye chupa. Mwanamke hakuwapo tena, ila dobi aliuacha uwanja wazi kwenye kioo.