Jairo Mwakibinga Aweka Chini Kipaza Sauti

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Jairo Mwakibinga anastaafu rasmi baada ya miaka kumi na mmoja ya kuitumikia kampuni yetu ya Neema Tele, tawi la Tukuyu, akiwa Mwasilishaji Mkuu wa Fursa. Ana umri wa miaka arobaini na sita. Wasiomjua watasema ni mapema mno. Waliowahi kuketi ukumbini mbele yake watakumbuka kwamba aliwaahidi wote kustaafu kabla ya hamsini, na ni haki angalau mmoja wetu aifikie ahadi hiyo.

Kabla ya kuja kwetu, Bwana Jairo alikuwa mpima majani kwenye shamba la chai. Wachumaji husimulia kwamba aliweza kukupunja kilo mbili ukaondoka ukimshukuru. Uongozi wetu ulikitambua kipaji hicho mara moja.

Mimi, Veronika, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilikuwa mbonyeza projekta wake kwa miaka saba, kwa hiyo nayasema niliyoyaona. Hakuanza semina kwa wakati hata siku moja, kwa sababu mtu aliyefanikiwa hana haraka. Nje ya ukumbi liliegeshwa gari jeupe la shemeji yake, boneti likiwa bado na joto, ili kila anayeingia alipite. Hakutaja kabisa kwamba ni lake. Hakutaja pia kwamba si lake.

Pale Suma alimwomba mama mmoja wa kiti cha mbele afumbe macho na aseme anaona nini katika maisha yake ya kesho. Mama akafumba, akasema, "Namwona ng'ombe wangu hajanywa maji." Akachukua kikapu chake akatoka. Ukumbi ukacheka. Mtu mwingine angefunga mkutano, lakini Bwana Jairo aliwageukia waliobaki akasema, "Mmeona? Huyo ameshaanza kuchukua hatua!" Watu saba walijiunga siku ile.

Kule Lufingo umeme ulikatika, akachora duara zake ukutani kwa mkaa: wewe mmoja, chini yako watatu, chini yao tisa, hivyo hivyo mpaka ukuta ukaisha. Mzee mmoja akauliza kama Lufingo nzima ina watu wa kujaza duara zote hizo. Bwana Jairo akamjibu kwamba Busokelo wapo. Hakuna aliyeuliza Busokelo wangemwingiza nani.

Kuhusu bidhaa yenyewe, yaani ule unga wa kijani wa kukoroga kwenye maji ya uvuguvugu, hakuwa na maneno mengi. Aliiachia picha namba kumi na nne. Ilionyesha figo mbili: nyeusi ya mtu anayemeza vidonge vya hospitali, na nyekundu, inayong'aa, ya mtu anayekunywa unga wetu. Picha hiyo ilitoka makao makuu, wala hatukuwahi kuambiwa ni figo za nani. Kidole kilichoibonyeza kilikuwa changu.

Miongoni mwa waliovutwa na picha hiyo ni Rukaya, muuza vitenge wa Kiwira, ambaye kwa miezi minne aliongoza tawi zima kwa kuleta watu. Mwezi Machi Bwana Jairo alikwenda kwake kumpelekea cheti cha pongezi, nami nikafuatana naye kupiga picha ya jarida letu. Tulimkuta mama yake, Bi Kuruthumu, ameketi kitandani, mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kushoto umelala mapajani kama si wake. Bwana Jairo alimfahamu mama huyu tangu siku za mizani ya chai. Ndiye aliyekuwa akimkopesha maandazi.

"Ameanza lini hivi?" akauliza.

"Asubuhi," Rukaya akasema. "Nimemkorogea unga mara mbili, haumezeki."

"Na vidonge vyake vya presha?"

Rukaya alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analo muulizaji. "Si ulisema mwenyewe ukumbini, kaka Jairo? Vidonge vinamaliza figo. Mama ameacha tangu Januari."

Ile picha ya jarida haikupigwa. Bwana Jairo alimbeba Bi Kuruthumu mgongoni kwenye utelezi mpaka barabarani, tukapata bajaji, tukafika hospitali. Daktari alisema ni kiharusi, akauliza ni nani aliyemwachisha dawa. Bwana Jairo mwenye mazoezi ya kusema mbele ya watu, nami niliyembonyezea picha, tulimwachia Rukaya ajibu. Rukaya akajibu, "Mimi." Nadhani neno hilo ndilo lililomstaafisha Bwana Jairo, barua ya kampuni ilikuja baadaye tu kuthibitisha.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na semina kubwa, watu themanini na watatu, na Bwana Lugano mwenyewe, mwenye ngazi ya Almasi, ametoka Mbeya kuja kuipamba. Kwa mara ya kwanza Bwana Jairo alianza saa kamili. Aliniomba nianzie picha namba kumi na nne, kisha akaigeuzia kisogo.

"Figo hizi sijui ni za nani," akasema. "Nimezionyesha miaka kumi na mmoja na sijui. Kuna mama yuko hospitali sasa hivi kwa sababu ya mdomo wangu. Kama nyumbani kwenu kuna mtu ameacha dawa kwa ajili yangu, nendeni mkamrudishe kwa daktari. Msingoje nimalize."

Bwana Lugano akainuka na kupiga makofi, akidhani ni mbinu mpya. Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwanangu, wewe mwenyewe huu unga hunywi?"

"Sinywi, baba. Nikiugua naenda hospitali."

Ukumbi ulitoka, wengine wakikimbia kweli. Wawili walibaki wakaomba fomu. Hiyo ndiyo nguvu ya mwasilishaji aliyeiva: hata anapowafukuza watu, kuna wanaojiunga.

Uongozi umelieleza tukio hilo kuwa uwasilishaji usiozingatia mwongozo, na kwa moyo mkunjufu ukamkubalia kustaafu ambako hakuwa ameomba. Ameandaliwa saa ya ukutani yenye nembo yetu.

Tangu hapo anatembea kwa miguu nyumba kwa nyumba, akiwa na daftari la wote aliowaingiza, akiuliza nani ameacha dawa gani. Huko Suma amefukuzwa mara mbili, mara moja kwa mbwa. Wanane wamerudi kliniki. Bi Kuruthumu ameanza kusema tena, ingawa mkono bado. Kila mwezi Bwana Jairo anampeleka kupimwa presha, na kila mwezi Rukaya anamfungulia mlango bila salamu. Siku moja nilisikia amemwomba msamaha. Rukaya akamwambia, "Mshike vizuri, asianguke," na hakuongeza neno.

Nimeagizwa kumalizia kwa kutangaza kwamba semina zinaendelea kila Jumamosi, na kwamba nafasi ya Mwasilishaji Mkuu imetolewa kwangu. Nimeikataa. Ile picha nimeifuta kwenye kompyuta ya ofisi, na nasikia makao makuu wanatuma nyingine.

Ndaga, yaani asante, Bwana Jairo, kwa miaka yote, na zaidi kwa zile dakika kumi za mwisho. Tunakuombea afya njema, magoti imara na viatu vinavyoshika kwenye miteremko ya Lufingo. Daftari lina nyumba thelathini na moja ambazo hujazifikia. Jumatatu nitakuwa barabarani saa mbili asubuhi, tutagawana.