Josho la Natalia

Benchi la Eunike lilikuwa gogo la mgrivea lililokaliwa miaka mingi mpaka likawa laini kuliko magodoro ya nyumba nyingi za Karatu. Lilikaa kwenye kona, nyuma ya mashine ya kusaga, pale njia ya Rhotia inapoiacha barabara kubwa. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na sita, na sukari ilikuwa ya kuonekana leo na kupotea kesho, lakini kahawa haikukosekana. Eunike aliikaanga mwenyewe, akaitwanga na tangawizi, na aliyetaka utamu alimega sukari guru. Wenye benchi walikuwa watatu. Alfonsi aliitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kumzimia. Hhando aliitwa Bwana Afya, maana zamani alimbebea afisa wa afya mkoba kwa miezi minne, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua. Wa tatu ni Tluway, Fundi Josho, mtu wa maneno machache, aliyejenga majosho ya kuogeshea ng'ombe kuanzia Mbulumbulu mpaka Kakesio. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Asubuhi ile tu ndiyo lilimchoma.

Sababu ni Rafaeli, ambaye alikuwa anarudi siku hiyohiyo. Rafaeli aliendesha magari ya watalii miaka ishirini na miwili, akiwashusha Kreta na kuwapandisha, na jioni akiwasubiri nje ya mahoteli, kofia mkononi, huku wao wakiogelea. Alipostaafu akalima ngano, na ngano haikumtupa. Wiki tatu kabla ya hapo alimwita Tluway nyumbani kwake, akamkabidhi mifuko ishirini na mitano ya saruji aliyoipata kwa kibali, pamoja na karatasi ya hoteli yenye picha ya bwawa la kuogelea lenye umbo la haragwe.

"Nataka bwawa," alimwambia. "Nampeleka mke wangu Natalia hospitali, Moshi. Akirudi akute maji."

Tluway aliitazama ile picha siku mbili, akaigeuza juu chini, akahesabu mifuko, akaona haragwe lile lingekula saruji mara tatu ya aliyokuwa nayo. Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Sababu ya kweli aliijua peke yake: aliposhika jembe, mikono ilikwenda ilikozoea. Sasa kazi ilikuwa imekwisha, trekta lilishaleta maji matangi kwa matangi, na kila aliyepita alijionea mfereji mrefu mwembamba wa kuta mbili zilizonyooka, upande huu shimo la kurukia, upande ule mteremko wa kutokea.

— Ni josho, alisema Redio, kikombe kikiwa bado hakijamfika mdomoni. Tusizungushane. Ng'ombe akilipita lile atauliza dawa iko wapi.

— Ni bwawa, alisema Tluway.

— Bwawa lina haragwe, fundi. Mimi picha niliiona.

— Haragwe la saruji mifuko ishirini na mitano ungelipata wewe?

— Mwacheni fundi, alisema Bwana Afya. Umbo si hoja. Hoja ni maji. Maji yaliyosimama wiki mbili yanageuka kijani kama ya lambo. Hapo ndipo mtu wa afya anapoitwa.

— Na wewe ungefanya nini, Bwana Afya? aliuliza Eunike akimimina.

— Mrututu.

— Huu unaopuliziwa mikahawa kuua kutu?

— Huohuo. Unaufunga kitambaani, unaukokota majini kama mtu anayetembeza mbuzi. Ukijani wote kwisha.

— Na mwogaji je?

Bwana Afya alipuliza kahawa yake.

— Atakuwa na rangi ya samawati kidogo. Lakini kutu ya majani hapati mpaka anakufa.

Eunike alicheka mpaka akaweka birika chini. Redio hakupenda kuona mwingine akichekesha, akajisogeza mbele.

— Mahotelini hawatii mrututu. Wana unga mweupe, wanautia usiku wageni wakilala. Una harufu ya kufungua pua. Na niwaambie kitu ambacho hamtakisikia kwingine: wazungu walikuwa na rangi kama yetu. Ni ule unga. Babu akaogelea, baba akaogelea, wakachujuka kama kanga ya mwaka juzi.

— Redio!

— Mtazameni Rafaeli mwenyewe. Miaka ishirini na miwili kusimama tu kando ya bwawa, na viganja vyake vimeshaanza.

— Viganja vyetu wote ni vyeupe, alisema Tluway.

— Ndiyo maana nasema hatujui mababu zetu walipita wapi.

Ubishi ulikuwa umekolea hivyo Senteu alipotokea, fimbo begani, shuka jekundu limejaa vumbi la njia. Huyu alikuwa mfugaji wa Kakesio, aliyeleta madume mawili mnadani, na kila akija Karatu lazima apite kwa Eunike. Akasalimia mmoja mmoja, akakaa, akamgeukia Tluway kwa furaha ya kweli.

— Fundi, nimepita kwa Rafaeli. Nimeliona. Hili ni zuri kuliko letu la Kakesio! Kuta zimenyooka, mteremko hautelezi. Linafunguliwa lini? Nilete ng'ombe sitini.

Redio alimwaga kahawa yote magotini. Bwana Afya aliegemea ukuta wa mashine, machozi yakimtoka. Senteu akawatazama kwa upole, hajui kosa lake.

— Si la ng'ombe, alisema Tluway polepole. Ni la watu. La kuogelea.

— Watu wana kupe?

Hapo hata Eunike alishindwa kujizuia. Redio akasimama katikati ya njia, akanyoosha mikono kama mchungaji anayeswaga kundi.

— Mama Natalia ataswagwa kwa huku, chubwi! Ataibukia kule, anachuruzika, hana kupe hata mmoja! Mwezi ujao tena!

Wakacheka. Tluway hakucheka. Wamcheke yeye, hilo angelivumilia. Mtu hawi fundi bila kuchekwa. Lakini Natalia ndiye aliyemfundisha kusoma, jioni baada ya jioni, katika darasa la watu wazima, wakati Tluway mwenyewe alikuwa tayari na watoto wanne na aibu ya kushika chaki. Natalia ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuandika vipimo badala ya kuvifunga kwa mafundo ya kamba. Na mavuno ya mwaka jana Natalia alianguka kutoka kwenye tela la ngano, nyonga ikavunjika, na tangu siku ile anatembea kwa magongo mawili, akifika kanisani wenzake wanatoka. Mwanamke wa namna hiyo yeye amemjengea josho la ng'ombe, na mji mzima unamcheka. Moyo ulimuuma hasa.

— Lakini jamani, alisema Eunike, kama aliyeona uso wa fundi, mtu wa magongo mawili bwawa la nini? Hilo ndilo lingewapasa kuulizana.

— La kutazama, alisema Redio. Matajiri hawaogi mle, wanatazama. Tatizo liko kwingine. Tembo.

— Wamefanyaje?

— Wananusa maji kutoka msituni. Kiangazi kikikaza watashuka, watavuka shamba la ngano, watakunywa kwa Rafaeli. Akija tembo, anakuja mtalii. Akija mtalii, Rafaeli anaweka geti. Na kiboko wa Kreta naye hatakubali kubaki nyuma. Siku moja Natalia anafungua dirisha, anakuta kiboko kalala kwenye mfereji wa fundi, kakwama.

— Hawezi kugeuka, alikubali Senteu, ambaye mambo ya wanyama hayakumchekesha. Kuta zimekaribiana. Itabidi atokee mbele, kwenye mteremko.

— Umeona? alisema Redio. Hata kiboko fundi kamfikiria.

Landrova ya kijani ilikata kona, ikapiga breki mbele ya benchi, na vumbi likawatangulia kusalimia. Rafaeli aliruka chini kabla injini haijazimika. Alikuwa mtu mfupi, mpole siku zote, na kwa hiyo hasira ilimkaa vibaya, kama koti la kuazima.

— Tluway! Nimepitia nyumbani!

— Karibu, mzee.

— Karibu gani! Nilikupa picha! Nimekuja njia nzima namwambia mama, utaona, utaona. Tumefika, naona josho! Mke wangu ni ng'ombe, Tluway? Niambie mbele ya hawa. Ni ng'ombe?

Redio aligundua kwamba kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa.

— Si ng'ombe, mzee, alisema Tluway.

— Daktari wa Moshi kasema nyonga imeunga, lakini miguu imesahau. Itafundishwa upya majini, kwenye maji mtu ni mwepesi. Kila siku, miezi sita. Miezi sita, Tluway! Ndiyo maana nilitaka bwawa, si kwa kuringa. Sasa nimpeleke wapi?

Tluway alitembea mpaka dirisha la pili la Landrova, akavua kofia. Natalia alikaa mle ndani, magongo yamelala mapajani, uso umekonda lakini macho ni yaleyale yaliyokuwa yakisahihisha daftari zao.

— Mwalimu, nisamehe, alisema. Sikukusudia kukuvunjia heshima. Najua kujenga kitu kimoja tu.

— Najua, alisema Natalia. Mimi ndiye niliyekufundisha kuliandika jina lake. Maji yanafika wapi?

— Kifuani kwako, mwalimu. Kati nimeinua sakafu. Nilijiambia mtu si ng'ombe, asizame.

— Na upana?

— Ukikunjua mikono kidogo tu, unashika kuta zote mbili.

— Zote mbili kwa pamoja?

— Zote mbili. Kutoka mwanzo mpaka mwisho, hatua ishirini na mbili.

Natalia alimtazama mumewe, akamrudia fundi.

— Na kutoka?

— Kwa mteremko. Mrefu, hauchoshi. Nimeuchora mistari ili kwato zisi...

Tluway alijikata hapo, akatamani ardhi ya Karatu impokee. Natalia alianza kucheka. Alicheka taratibu, kisha kwa sauti, mkono mmoja umeshika nyonga.

— Kwato zangu ni mbili tu, Tluway, na moja ndiyo hiyo mbovu. Hiyo mistari iache. Rafaeli, njoo hapa. Pale Moshi nilifanyia mazoezi wapi?

— Kwenye lile tangi, alisema Rafaeli.

— Lina umbo la haragwe?



— Ni refu, jembamba, alisema Rafaeli. Lina vyuma vya kushika huku na huku. Na wanakuingiza kwa mteremko.

— Basi.

Neno hilo moja lilitosha. Rafaeli alikwenda kukaa kwenye benchi bila kukaribishwa, na Eunike akampa kikombe, akampa na kipande kikubwa cha sukari guru. Tluway alibaki amesimama, kofia mkononi, furaha inampanda na hajui aiweke wapi.

— Shimo la kurukia ni refu mno, alisema kwa haraka, kabla mwingine hajaligundua. Kesho asubuhi nayatoa maji, nalijaza mawe na zege, kisha trekta liyarudishe. Wewe utaingilia kulekule pa kutokea.

— Na maji yakiwa kijani, mama, mrututu ninao, alidakia Bwana Afya.

— Usimsikilize, mama, alisema Redio, aliyekuwa amepona haraka. Maji ya bwawa yanataka kuzungushwa. Mimi nitakuja na ndoo, nakuelekeza jinsi ya kutupa miguu. Unatupa hivi na hivi. Pumzi unaibana mpaka...

— Na usiingie umeshiba, alisema Bwana Afya.

— Na usitazame chini, yeyo, mama yangu, alisema Senteu. Ng'ombe anayetazama chini ndiye anayekunywa dawa.

Natalia aliwaacha waseme. Aliwasikiliza wote kwa zamu, kama alivyokuwa akiwasikiliza watu wazima wakisoma vibaya ubaoni, na walipomaliza alinyoosha kichwa nje ya dirisha.

— Naogopa maji, alisema. Pale Moshi alikuwapo dada wa kunishika. Hapa sina mtu, na Rafaeli kwa urefu wake yatamfika kidevuni. Nyinyi wote mnaosema, ni nani kati yenu anajua kuogelea?

Redio alitazama ndani ya kikombe chake. Bwana Afya alimgeuzia jicho Senteu, Senteu akalitazama jicho hilo kwa mshangao, kwa kuwa Kakesio maji ya kuogelea yangetoka wapi. Eunike alitikisa birika, hakukuwa na kitu, na hakuna aliyedai jingine.

— Sijui kuogelea, mwalimu, alisema Tluway. Lakini ile sakafu nimeipiga mwenyewe. Najua kila nundu yake. Nitatangulia mbele yako, natembea kinyumenyume, wewe unanishika mabega.



— Jumamosi, basi, alisema Natalia. Zege likishakauka. Saa sita, jua likiwa limeyapasha maji.

— Saa sita, mwalimu.

Landrova iliondoka taratibu, Rafaeli akiendesha kama aliyebeba mayai. Redio alianza kusimulia upya habari yote, sasa yeye akiwa ndiye aliyelitetea lile josho tangu mwanzo, na Bwana Afya alimpinga kwa nguvu. Tluway aliwaacha wagombane. Alikuwa amekaa mwisho wa gogo, akihesabu siku zilizobaki mpaka Jumamosi, kwa sababu katika miaka yake hamsini na mmoja hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyompita magoti.